Tausi Hataki Dawa Yake

Katonga, Kigoma

Kwako Mama Mwanaidi,

Assalaam aleykum. Hujambo wewe, hajambo Mwanaidi, na mama mkwe anaendeleaje na mgongo wake? Mimi sijambo, alhamdulillahi, isipokuwa vidole vya mkono wa kulia ambavyo vimeshasahau kushika kalamu. Ukiona mwandiko unapanda mlima, usidhani mumeo kaharibika huku ugenini. Natumaini mvua za huko hazijaangusha maua ya michungwa, na kwamba lile bati la jikoni lililokuwa likipiga kelele mmeshaligongea msumari.

Ulinilaumu kwamba kwenye simu mimi ni mtu wa "niko salama, mvua imenyesha, haya kwaheri." Ni kweli. Mtandao huku ufukweni unakatika kila saa, na mimi nikisikia sauti yako nasahau yote niliyopanga. Ukasema basi niandike barua kama wanaume wa zamani. Haya, weka cherehani pembeni, ukae kitako, na umsomee na mama, maana mara ya mwisho ulipotamka lile neno lako nilimsikia nyuma yako akicheka.

Neno lako ni hili, nalirudia ili mama naye ajue sijalisahau: kwamba huwezi kupakia cherehani kwenye treni na kuvuka nchi nzima kwa ajili ya farasi asiyekula. Siku ile sikukujibu. Nilijifanya mtandao umekatika. Ukweli ni kwamba farasi kweli alikuwa hali.

Kwa faida ya mama, nieleze toka mwanzo. Mama, bosi wangu Mzee Hamisi ni mtu wa Ujiji aliyefanya kazi ya kutembeza watalii Arusha mpaka akachoka, akarudi kwao, akajenga vijumba vya wageni hapa ufukweni, mbele kidogo ya soko la samaki la Katonga. Huko Arusha ndiko tulikojuana, mimi nikitunza farasi kwenye lile shamba ambalo baadaye lilifungwa, nikarudi kwako Muheza kukaa bure na kukumalizia chai. Mzee akanunua farasi mmoja, jike la kahawia lenye baka jeupe usoni, jina lake Tausi, akaniita nije nimtunze ili wageni wampande asubuhi kando ya ziwa. Tulipatana hivi: Tausi akistawi, kazi ni yangu na vyumba vyake viwili vya mtaa wa Buzebazeba tunakaa mimi, binti yako na mjukuu wako. Asipostawi, anarudishwa Arusha kabla wageni wa kiangazi hawajaanza kuja, na mimi nawarudia Muheza mikono mitupu. Ndiyo maana mdomo wa farasi umekuwa jambo la nyumba yetu.

Sasa huyu Tausi alifika amechoka na safari ya lori, hilo nililitegemea. Nikampumzisha, nikampa majani, nikamwogesha. Badala ya kunenepa akaanza kuonyesha mbavu. Manyoya yakafifia kama shuka lililofuliwa sana, na kwato zikaanza kupasuka pembeni. Nikazipiga picha, nikamtumia daktari wa mifugo kule Arusha, dada mmoja mpole tuliyefanya naye kazi zamani. Akasema majani ya huku hayampi madini yote anayohitaji, akatuma kwa basi kopo la unga wa madini, anyweshwe au alishwe kila siku, asubuhi na jioni, bila kukosa. "Kwato hazitaki haraka," akaniambia, "lakini zinataka kila siku."

Unga wenyewe una rangi ya majivu na harufu ya duka la vifaa vya ujenzi. Nikauchanganya na pumba za mahindi, nikampelekea mwenyewe nikitabasamu. Mama Mwanaidi, wewe unamjua shangazi yako anavyochambua mchele kwenye ungo? Tausi ni zaidi. Ana mdomo wa juu unaofanya kazi kama vidole. Alikula pumba punje kwa punje, akauacha unga wote chini ya ndoo, mkavu, kama hajawahi kuuona. Kisha akanitazama, akapuliza pua, akageuza makalio.

Nikaloweka. Akaipiga ndoo teke. Nikaweka sukari guru, nikaisaga vizuri, siku ya kwanza akalamba mpaka ndoo ikawa inang'aa, nami nikaenda dukani nikitembea kama mtu aliyeshinda kesi. Kesho yake akainusa, akaikataa, na sukari guru yenyewe akaikataa mpaka leo. Nikaficha unga ndani ya ndizi mbivu. Ndizi alikuwa anazipenda, akisikia ganda linachunwa analia toka ndani ya banda. Akala ya kwanza, akala ya pili, ya tatu akaitafuna nusu, akasimama, akafikiri, akaitema juu ya kiatu changu. Tokea hapo ukimwonyesha ndizi anakutazama kama umemtukana mama yake. Nikawa nimepoteza dawa na nimepoteza na ndizi.

Hapo nikaanza kupokea ushauri. Katonga kila mtu ana ushauri, na wengi hawajawahi kumwona farasi ila huyu. Akina mama wanaoanika dagaa walisema atiwe chumvi. Mvuvi mmoja akasema apigwe kofi moja tu la heshima. Mwingine akaniuliza kwa upole kama nimejaribu kumpa ugali wa muhogo na mgebuka, maana hakuna kiumbe anayekataa mgebuka. Nikamwambia farasi hali samaki. Akanihurumia, akasema basi ndiyo sababu amekonda.

Jirani yetu upande wa michikichi anaitwa Mama Esperansi. Wazazi wake walitoka Burundi, yeye kazaliwa huku, kaolewa na Muha wa Kasulu, na kazi yake ni kukamua mawese. Ni mtu wa maneno machache na macho mengi. Yeye ndiye aliyeniambia nikoroge ule unga kwenye mawese, kwamba mafuta yataushika usidondoke chini. Lilikuwa wazo zuri, na hata daktari nilipompigia alisema mafuta kidogo hayana neno. Nikakoroga. Tausi akatia mdomo, akaona ni mafuta, akakasirika, akajifuta usoni kwenye nguzo, kwenye ukuta, kwenye shati langu. Lile baka lake jeupe likawa jekundu toka macho mpaka puani.

Ilikuwa Ijumaa, na Mzee Hamisi akawa ametoka msikitini anakuja na kanzu yake nyeupe kuwaonyesha wageni wawili farasi wake. Akasimama mlangoni. Wale wageni wakarudi nyuma. "Umemfanya nini mnyama wangu?" akaniuliza, na sauti yake ilikuwa ndogo, jambo linalonitisha kuliko angepiga kelele. Nikasema ni mawese, mzee. "Mawese," akarudia. Nikasema ni dawa, mzee. Tausi akaamua kumsalimia bosi wake kwa kumpangusia pua begani. Ile kanzu, Mama Mwanaidi, wewe fundi ungelia. Akina mama wa dagaa walisikia habari kabla jua halijazama, wakawa wananiuliza kama farasi kajipaka rangi ya mdomo anakwenda harusini.

Mzee hakunifokea. Ingekuwa afadhali. Aliniita pembeni akaniambia, "Mwanangu, mimi nakupenda, lakini sipendi mnyama ateseke ili mimi nionekane nina farasi. Mwezi ukiandama kama bado yuko hivi, namtafutia lori." Nikasema nimekuelewa, mzee. Jioni ile ndiyo uliyopiga simu ukasema lile neno lako, na mimi nikajifanya mtandao umekatika. Niliona uchungu, nisikufiche. Nilikaa kwenye jiwe kando ya ziwa natazama milima ya Kongo, nikawa naipanga safari ya kurudi kwa kichwa, mzigo kwa mzigo.

Sasa hapa nikupe habari ya juisi. Nilipofika tu, Mama Esperansi aliniletea juisi ya ndizi kwenye kibuyu, na mrija wake. Kabla hajanipa akanywa yeye kwanza, funda zima, mbele ya macho yangu, ndipo akanikabidhi. Mimi wa Muheza nikashangaa. Kwetu ukimpa mgeni kikombe ulichokwisha kukinywea, si anaona umemdharau? Nikakipokea, nikakiweka chini, nikasema nitakunywa baadaye. Akanitazama sana, akaondoka. Kumbe nimemwudhi. Mumewe ndiye aliyekuja kunifafanulia, akicheka: huku anayeleta kinywaji ndiye anayeonja kwanza, ili anayepewa aone kwa macho yake kwamba ndani hamna kitu kibaya. Asiyeonja ndiye wa kumwogopa. Nikaenda kumwomba radhi na kilo ya sukari, akanisamehe, na toka siku hiyo tukawa ndugu.

Basi asubuhi moja baada ya ule mkasa wa kanzu, Mama Esperansi alikuja kuomba ndoo akanikuta namlisha Tausi. "Mwakeye," akaniamkia kwa Kiha, nikaitikia. Akasimama anatazama. Mimi nikamimina unga kwenye pumba, nikakoroga kwa kijiti kirefu ili harufu isinipate, nikamsukumia Tausi ndoo kwa mguu, nikarudi nyuma na kukunja mikono. Tausi naye akarudi nyuma.

"Ndivyo unavyomkaribisha?" akaniuliza.

"Kivipi?"

"Unaleta kitu, huonji. Unakiweka chini, unakimbia, unamtazama kama askari. Mimi mwenyewe nisingekula."

Nikacheka. Nikamwambia Mama Esperansi, huyu ni farasi, hajui desturi za Waha wala Warundi. Akasema, "Ego, ndiyo, lakini ana macho." Na akasema kwa uso uleule mkavu, sijui hata sasa kama alikuwa ananitania: "Onja."

Nikaona mwanamke huyu anataka kunifanya kichekesho cha soko. Lakini mtu aliyekwisha kupakwa mawese hana cha kulinda. Nikachukua pumba kwa vidole, unga ukiwa umo, nikatia mdomoni. Mke wangu, ladha yake ni ya msumari uliolala kwenye mvua. Nilitafuna nikiwa nimefumba macho, nikasikia Mama Esperansi anajizuia kucheka, halafu nikasikia ameacha. Nilipofumbua, Tausi alikuwa ameinua masikio yote mawili. Akasogea. Akaniletea pua mpaka mdomoni, akaninusa pumzi yangu, ndevu zangu zikajaa makamasi yake. Kisha akainama kwenye ndoo, akatia mdomo, akala.

Hakuchambua. Alikula na mimi nikitafuna. Nikaacha kutafuna ili nimwone vizuri, na yeye akaacha, akainua kichwa akanitazama. Nikachota tena. Akainama tena. Mama Esperansi akasema, "Haya, mimi nachukua ndoo," akaenda zake kana kwamba hakuna lililotokea. Mimi nilikaa chini kwenye majani.

Nikampigia daktari. Nilidhani atanicheka, akacheka kweli, ila baadaye akasema, "Siku ya kwanza nilikuuliza anakula na nani. Wewe ukanijibu anakula vizuri." Nikakumbuka ni kweli aliniuliza, na mimi nilikuwa nafikiria mizigo ya kuwaleta nyinyi huku. Akanieleza kwamba Tausi alikulia kwenye banda lenye wenzake kumi na zaidi, pua kwa pua, na farasi anayekula peke yake anakula sikio moja liko nje, chochote kigeni mdomoni anakiona hatari, kwa sababu hakuna mwenzake wa kumwonyesha kwamba ni salama. Akanikataza kuonja ule unga tena, tumbo langu si la farasi. "Lete chakula chako wewe," akasema. "Kaeni mle pamoja. Na umwambie mzee atafute mwenzake, hata mbuzi."

Kwa hiyo sasa hivi ndivyo ninavyoishi. Asubuhi nachemsha muhogo, natia kwenye bakuli, naenda nao bandani. Naweka ndoo yake yenye ule unga na bakuli langu juu ya boksi moja. Namwonyesha bakuli langu, ananusa, anaridhika kwamba sijamficha kitu kizuri zaidi, halafu tunakula. Nikila haraka anakula haraka. Nikisimama kujibu simu anasimama na yeye, mashavu yamejaa, ananisubiri. Jioni vilevile. Wavuvi wakipita wanajibu asante, tumeshiba, hata kabla sijawakaribisha, na yule wa mgebuka huniuliza kila siku bibi yangu wa bandani ameshibaje. Nawajibu ameshiba vizuri, anawasalimu.

Kwato hazitaki haraka, daktari alisema kweli. Lakini sasa juu kabisa, pale ukwato unapoanzia chini ya manyoya, umetoka utepe mpya, laini, hauna ufa. Ukipitisha kidole unausikia. Mbavu zimejifunika. Manyoya yameanza kung'aa, jua la asubuhi likimpiga pale ufukweni akina mama wa dagaa wanaacha kugeuza dagaa wao wanamtazama. Amezidi na kiburi. Juzi alimnyang'anya mgeni kofia.

Na mwezi uliandama. Mzee Hamisi alikuja, safari hii na shati jeusi, nadhani kwa tahadhari. Akampapasa mbavuni kwa mkono, akainama kwa shida na magoti yake yale, akainua mguu wa mbele, akapitisha kidole gumba kwenye ule utepe mpya, akapitisha tena. Nilikuwa nimeshika kamba ya Tausi, nikiwaza wewe, nikiwaza Mwanaidi na shule. Akasimama, akafuta mkono kwenye suruali, akasema, "Kata miti ya banda la pili. Kuna dume mzee Arusha, mpole, hana mtu. Atakuja kwa lile lori nililotaka kumrudishia huyu." Kisha akatia mkono mfukoni, akanikabidhi ufunguo wa Buzebazeba.

Nimeshakwenda kuvitazama vyumba. Vina sakafu ya saruji, dirisha moja limegeukia mashariki, na bomba la maji liko hapo hapo uani. Shule haiko mbali, Mwanaidi atakwenda kwa miguu na watoto wa jirani, nimeshawaona, wana adabu ya kutosha na utundu wa kutosha. Nimepita na soko la Mwanga, nikajifanya nanunua vifungo ili niwachunguze mafundi. Vitenge vya Kongo vimejaa kila duka na mafundi wamezidiwa na kazi, yupo mmoja alimwambia mteja wake arudi wiki ijayo na mteja hakushangaa. Mishono yao ni mizuri lakini hakuna anayeshona shingo kama yako. Sisemi hivi kwa sababu nataka uje. Nasema kwa sababu ni kweli, na vilevile nataka uje.

Msalimie mama mkwe, mwambie mgongo akandwe na mawese ya moto, nitamwomba Mama Esperansi atume chupa. Msalimie kaka yako wa gereji, na mwambie ile pampu ya baiskeli yangu ni ya kuazima, si ya kurithi. Msalimie shangazi wa ungo, mwalimu wa madrasa wa Mwanaidi, na jirani yetu fundi wa viatu. Mwanaidi mwambie farasi yupo kweli, si hadithi ya baba, na atampanda mimi nikiwa nimeshika kamba.

Kuna jambo moja bado, na hili sikuwahi kukwambia kwenye simu. Kila ulipouliza nakula nini, nilikujibu nakula vizuri. Nilikuwa nakula nimesimama, toka kwenye sufuria, mlangoni, chakula kikiwa bado cha moto, ili nimalize mapema. Kuna siku nilisahau kama nimekula au bado. Nilikuwa nadhani ni kazi imenibana. Siku hizi nakula nimekaa, na mwenzangu ni farasi, nashukuru kwa hilo, lakini haniulizi kama chumvi imetosha, na nikinyamaza hajui kwamba nimenyamaza.

Treni inatoka Dar. Nitakuwa stesheni ya Kigoma mapema kuliko inavyotakiwa. Njooni tule.

Ni mimi mumeo,
Baba Mwanaidi